Kisu Kifupi cha Randa

Mutua mjukuu wangu,

Habari ya Eldoret? Huku Kawangware tuko salama, ni mguu wangu tu unasumbua. Mamako anakusalimu. Nimemwomba simu nikuandikie, maana tangu nisome swali lako sijatulia.

Unauliza kwa nini kisu cha randa ya marehemu babu yako ni kifupi hivyo, na kama fundi wa huko akipitishe kwa mashine ya grinda kutoa kutu. Tafadhali, ngoja kwanza.

Tulipokuwa tukiishi mtaa wa Gatwekera, babu yako aliinunua hiyo randa ya useremala ikiwa na kutu vivyo hivyo. Alitaka ing'ae upesi, akakipeleka kisu kwa mwenye grinda. Kilirudi kinameta, lakini ncha imeungua, imekuwa ya buluu. Siku hiyohiyo jirani akafiwa, na jeneza likahitajika haraka, mwili usafirishwe Kitui asubuhi. Kila mara kisu kikigusa ubao, makali yanalala, maana chuma kilichoungua hulegea. Waombolezaji wamesimama mlangoni. Ikabidi aikate ncha yote iliyoungua, aanze kunoa upya kwa jiwe, mimi nikimwagia maji. Jeneza lilitoka. Tangu hapo sikumwona tena akikiharakisha chuma.

Wewe kiloweke kwa mafuta ya taa, usugue kwa mkono. Kutu kidogo ikibaki, iache. Kazi yake ni kukata, si kung'aa.

Na kama fundi ameshakichukua, mpigie sasa hivi, hata kabla ya kunijibu. Kile kisu hakina pa kukatwa tena.

Ni mimi bibi yako, susu wako.