Dada, Ajambo Hajui Kusoma

Dada Nabwire,

Ni mimi ndugu yako Wandera, yule uliyesema angekuwa mbunge kama kura zingepigwa kwa mdomo. Ubunge bado. Lakini mwaka huu namaliza chuo cha ualimu, tena nilirudi darasani na ndevu, na Busia nzima, upande wetu wa Uganda na upande wa Kenya, hakuna mwanachuo anayefunga tai kama mimi. Naanza na majivuno ili mkono upate nguvu ya kuandika.

Dada, binti yako Ajambo hajui kusoma.

Wewe ulitaka abaki kijijini Dabani kwa Mwalimu Auma, yule mama mzee anayeita mtoto mmoja mmoja mezani kwake asome kwa sauti. Nikakucheka. "Dada, dunia imehama, wewe bado unalinda chaki." Nilikuwa nimeendesha boda miaka mingi, nimefika Tororo, Kisumu, mpaka Kampala, basi nikajiona naijua dunia. Nikamleta mjini, shule ya binafsi nilikotumwa kwa mazoezi ya kufundisha. Shule ya tableti. Nikamweka darasani mwangu mwenyewe.

Kazi yangu ilikuwa nyepesi. Nagawa tableti, kile kidude kinasoma hadithi, mtoto anagusa picha, nyota inatokea. Mimi nimekaa nyuma na simu yangu. Nyota za Ajambo zilipita za wenzake wote, nami nikazitangaza mpaka sokoni. Ukiwa umelala mgonjwa, alikuja akakusomea kitabu cha kuku, hakuna neno lililomkwama. Ulinishika mkono. "Wandera, hapa umenishinda."

Ulikufa ukiamini hivyo.

Kwetu unajua, mtoto wa kwanza ndiye husoma maisha ya mzazi mbele ya jeneza. Katekista alitaka kusimama naye, nikamzuia. "Huyu ni mtoto wa tableti, Katekista, mwache." Nilikuwa nimeyaandika kwa Kiswahili ili wakwe zako wa ng'ambo, upande wa Kenya, nao waelewe. Ajambo akashika karatasi kwa mikono miwili, akaitazama vizuri, akaanza: "Kuku alikwenda sokoni. Kuku aliona mahindi." Akaenda hivyo mpaka mwisho wa hadithi, kwa sauti ile ile ya mashine. Watu wakaangua kilio. Shangazi akasema, "Uchungu umemvuruga mtoto." Nikaitikia, eeh, uchungu. Nikachukua karatasi nikasoma mimi, na watu wakanisifu sauti. Juu ya kaburi lako, dada.

Wageni walipoondoka nikamwandikia neno moja, MAMA. Akaweka kidole juu yake, akangoja liseme.

Tableti siilaumu. Iliuliza kama mtoto amegusa, na kweli aligusa. Mimi ndiye ambaye sikumuuliza kitu, na nilikuwa hatua tano kutoka kwake.

Jumatatu nikampeleka Dabani. Mwalimu Auma akamsikiliza kidogo, kisha akanigeukia. "Wewe ni mwalimu, tena mjomba wake, na hukumsikia?" Ajambo amewekwa na watoto wadogo, magoti yake hayaingii chini ya dawati. Analia akienda na analia akirudi kwangu. Wanamwita Kuku. Sijui kama tumechelewa. Mwalimu Auma naye hajui, nilimuuliza.

Chuoni nimewaomba nirudie mwaka wa mazoezi ya kufundisha. Wenzangu wanasema nimerukwa na akili.

Nisamehe, ama usinisamehe, hiyo ni juu yako. Lala, dada yangu. Kila jioni Ajambo atakaa mbele yangu, simu iko chumba kingine, nami sitamwambia mtu yeyote kwamba anajua neno lolote kabla sijalisikia kwake kwa masikio yangu. Hata wewe sitakwambia.

Ndugu yako,
Wandera