Matembele ya katikati ya Columbus

Dada Odeta,

Hamjambo huko Buffalo? Magoti ya Mama yanaendeleaje? Mimi mzima, ila kutulia nimeshindwa. Kaka Eliya kanileta kwenye uwanja wa katikati ya jiji, eti nikiuona tu nitakubali tuhamie huku. Kweli umepambwa: nyasi kama zulia, viti kila upande, maji yanaruka juu. Nikakaa, nikasimama, nikazunguka. Mara nikaona matembele, Dada, majani ya viazi vitamu yale yale! Wameyapanda kama maua, yanamwagika kwenye vyungu vikubwa. Mikono ikaanza kuchuma yenyewe, kama kule kwenye kambi ya wakimbizi. Mzee anayetunza bustani akaja mbio.

"Samahani, kwetu hii ni mboga," nikamwambia.

Akacheka. "Chuma tu. Baridi ikianza tunayang'oa yote."

"Na viazi vyake?"

"Tunatupa. Mwakani tunapanda mengine."

Tangu hapo hata kukaa sikuweza. Dada, mimi kung'olewa nimechoka. Eliya kanuna, acha anune. Jumamosi nakuja na mboga, mbusu Mama. Najua ameshaanza kufunga mabegi. Mwambie ayafungue yote, hata lile la bluu alilotoka nalo kambini.

Mdogo wako,
Jeni