Msomaji wa Saa Moja Asubuhi

Jadida, Wete
Jumamosi

Kwako dada yangu Bi Maryamu,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo. Natumai goti lako limepata nafuu tangu ulipotoka hospitali ya Chake, na kwamba unautumia ule mkongojo unaouficha nyuma ya mlango. Sisi huku ni wazima, ila mimi usingizi umenipungua na miguu haitulii.

Mjukuu wako Mwanawema amenifikishia salamu zako. Amesema unauliza kwa nini Alhamisi nililisha masikini kumi nyumbani kwangu, hali hapakuwa na khitma wala maulidi. Majirani nao wanauliza. Bi Laila wa nyumba ya pili ameeneza kwamba naoa. Nitakujibu, ila kwa utaratibu. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu siiamini tena.

Unakumbuka siku Suhaib alipoacha ualimu akaenda Unguja kuandika hadithi mtandaoni. Uliniomba nimsamehe mwanangu, nami nikaapa mbele yako, kwa jina la Mwenyezi Mungu, kwamba sitasoma hata mstari mmoja wa maandishi yake. Huu ni mwaka wa tatu hatujasemezana.

Mwaka jana nilimwendea Yussuf, fundi wa kompyuta pale sokoni, niliyemsomesha zamani. Nilimwambia nataka kusoma ukurasa fulani bila mwenyewe kujua nimeingia. Aliniwekea kivinjari cha faragha, kisha VPN, inayomfanya msomaji aonekane yuko nchi nyingine. Niliisajili kama sheria inavyotaka. Yussuf alinionya kwamba hayo hayatoshi. Kila kompyuta ina alama zake, yaani lugha, ukubwa wa herufi, saa na mengineyo, na mwenye ukurasa akizikusanya humtambua mtu kama anavyotambuliwa kwa nyayo. Akanisihi niache kila kitu kama kilivyokuja, nifanane na maelfu ya wengine.

Ningewezaje? Niliweka Kiswahili. Nilikuza herufi kwa ajili ya macho yangu. Na saa, dada, ilisoma saba ilhali jua ndiyo kwanza limechomoza! Nikaichagulia nchi iliyo nyuma yetu kwa saa sita, ikasoma moja, kama inavyostahiki. Yussuf alipoiona alicheka hata akakaa chini. Alisema, "Mwalimu, wenzio wote wamevaa kanzu nyeupe, nawe umejificha kati yao kwa kanzu nyekundu na bakora mkononi!" Nilimkumbusha kwamba bakora hiyo anaijua.

Tangu hapo sikutulia. Simu ikilia, nashtuka. Mlango ukigongwa, nafunga kompyuta. Leo natokea Ujerumani, kesho Uholanzi, nikihamahama kama mwizi wa karafuu.

Sasa jibu lako. Ukurasa huo ni wa Suhaib. Nimeusoma kila siku baada ya sala ya alfajiri, hadithi zote, nyingine mara mbili. Nimevunja kiapo changu, na wale masikini kumi ni kafara yake.

Jumatano, chini ya hadithi mpya, Suhaib aliandika kwamba ana msomaji asiyekosa hata siku moja. Msomaji huyo huhama nchi kila siku, lakini lugha yake ni Kiswahili, herufi zake ni kubwa, na saa yake haibadiliki, iko nyuma ya yetu kwa saa sita. Akasema anamjua mtu mmoja tu duniani awezaye kuilazimisha mashine isome saa moja jua linapochomoza. Mstari wa mwisho ulikuwa na maneno mawili: "Baba, shikamoo."

Dada, tangu Jumatano shikamoo hiyo haijajibiwa. Miaka thelathini na minne niliwafundisha watoto wa watu kwamba salamu haiachwi bila jibu, na leo vidole vyangu vinagoma. Tafadhali mpigie wewe. Mwambie baba yake amesema marahaba, na chumba chake kimefagiliwa. Mwambie pia kwamba ile saa sijaibadilisha, wala sitaibadilisha, ili asubuhi ajue ni mimi.

Nisalimie wajukuu wako wote, na goti lako ulihurumie. Mungu akuweke.

Mdogo wako,
Nabhan