Waya Nilizochomeka Mimi

Baba,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kimeru kingeniliza kabla sijafika kwenye neno lenyewe. Na nimeiacha barua wazi, isomwe na yeyote, maana nililokutendea lilijulikana kijiji kizima cha Githongo bila jina langu.

Agosti ile nilikuwa likizoni kutoka chuo kikuu. Sindano ya mashine yako ya santuri ilikuwa ikirukaruka, nawe ulikuwa umesikia CD kwa mwalimu mwenzako. Ulisema waimbaji wa alto walisikika hata wakivuta pumzi. Ukataka mashine ya CD kwa ajili ya kwaya yako. Asubuhi ya kwenda kuinunua nilikukuta ukiifunga amplifaya yako ya zamani, ile iliyokuza sauti ya santuri, ndani ya blanketi, tuibebe mpaka dukani Makutano.

"Ya nini, Baba?"

"Hizi mbili zitaishi pamoja. Lazima nizisikie pamoja kwanza."

Niliona aibu. Niliwaza vijana wa dukani wakiniona nikiteremka na blanketi. Nikakwambia amplifaya ni amplifaya, CD huingia kwa yoyote. Ukanitazama kidogo, ukalifungua blanketi. Mimi ndiye niliyesoma.

Dukani muuzaji alikusogezea mashine yenye taa kama za Krismasi. "Mzee, hii inameza CD tano mara moja!"

"Na mimi nitasikiliza tano mara moja?"

Walicheka wote. Ukamwomba afunge mlango, malori yabaki nje na kelele zao. Ukafumba macho, ukazisikiliza mbili kwa zamu, ukachagua ile nyeusi isiyo na madoido. "Hii inajua kunyamaza," ukasema. "Kati ya wimbo na wimbo haivumi."

Nyumbani nilishika kijitabu cha maelezo, wewe ukashika tochi. Kijitabu kilitaja tundu la CD, lakini amplifaya yako ilitengenezwa kabla CD hazijakuwapo. Nikang'oa waya za mashine ya santuri, nikachomeka za CD mahali palepale, penye maandishi ya PHONO. Kimoja kimetoka, kingine kimeingia. Nilidhani ni hivyo tu.

Besi ikavimba na kunguruma. Soprano walikuwa kama wanaimba ndani ya debe. Ulipunguza sauti, ukaongeza, ukaenda mlangoni, ukarudi.

"Kagwiria, hii inakwaruza."

Niliisikia, Baba. Niliisikia tangu mwanzo wa wimbo. Lakini kama mashine hazikupatana, aliyekuzuia kubeba amplifaya ni mimi.

"Mimi naisikia safi," nikasema. "Labda ni masikio yako."

Jioni zote za likizo ile uliketi mbele ya spika, kiganja nyuma ya sikio, ukitafuta kitu ulichokuwa nacho dukani. Nilipita nyuma yako nikienda jikoni, nikirudi, na kila mara ningeweza kusema.

Oktoba Mama aliniandikia kwamba umemwachia msaidizi wako kwaya. Uliwaambia waimbaji, "Masikio yangu hayaniambii ukweli tena." Krismasi nilikuona kanisani kwenye benchi la nyuma, mdomo umefungwa. Alto waliposhuka chini ya sauti yao, kidole chako kilipanda juu ya goti, vile ulivyozoea kuwaonyesha wapandishe. Kisha ukauficha mkono ndani ya koti. Nilijua maana yake. Nikafungua kitabu cha nyimbo, nikaendelea kuimba. Kabla mwaka mpya haujafika katikati tulikuzika karibu na mibuni, na mzee wa kanisa akasema, kwa upole kabisa, jinsi Mwalimu alivyovumilia uziwi.

Sasa nafanya kazi Embu, nimepanga chumba mtaa wa Dallas. Mashine zako nilikuja nazo, nikazichomeka vilevile. Mwezi uliopita nilihamisha rafu, jirani yangu Njeru anayetengeneza redio akanisaidia. Aliinama nyuma ya amplifaya, akaguna.

"Nani alifunga hii hapa? Hapa ni pa santuri. Sindano inatoa sauti ndogo sana, kwa hivyo hili tundu linaizidisha. CD iko na nguvu yake tayari. Unaitesa bure, dada yangu."

Alizihamisha waya hadi tundu la AUX. Hata dakika haikuisha. Akaiwasha; alto wakavuta pumzi, nami nikatoka nje nikamwacha Njeru na wimbo wako.

Ulichagua vizuri. Zilipatana. Tangu siku hiyo kila nikiiwasha kuna ukimya mfupi kabla ya sauti ya kwanza, na katika ukimya ule kuna mtu nyuma yangu ambaye hajaketi. Sigeuki.

Jumamosi nilienda kumwambia Mama. Alikuwa akichuma kahawa, hakuacha kuchuma.

"Kwa hivyo alikuwa anasikia."

"Ndiyo, Mama."

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

Alimaliza tawi lile, akaanza lingine.

"Mimi sikumwambia hata siku moja kwamba ni kiziwi," akasema. "Usiniletee mimi. Mwambie mwenyewe."

Ulikuwa unasikia, Baba. Ilikuwa inakwaruza. Niliisikia pamoja nawe, chumba kimoja, wimbo mmoja, nikakuacha uisikie peke yako.

Ni mimi, bintiye Mwalimu,
Kagwiria