Yai la Pasaka la Awino

Kisegi,
S.L.P. 14,
Homa Bay.
6 Aprili 1964

Mpendwa Wifi Phelesia,

Pokea salamu zetu nyingi. Kile kifua chako kimepona, au baridi ya Nakuru bado inakusumbua? Sisi huku tu wazima. Kaka yako Elkanah hajambo, na mama yenu ana nguvu kunishinda mimi. Nakuandikia Kiswahili kwa sababu Kijaluo changu cha kuandika mlikicheka vya kutosha mwaka ule nilioolewa.

Mvua imeanza vizuri na mahindi yametoka. Ng'ombe mwekundu amezaa. Hayo ndiyo mazuri, na yameishia hapo.

Mwalimu Roseline, anayefundisha watoto wadogo, aliwaambia waje Alhamisi kabla ya Pasaka na chakula cha mchana cha sikukuu, kimepambwa, wale pamoja barazani. Wewe unajua siku zote wanabeba nyoyo baridi, yaani mahindi na maharagwe ya jana. Basi nilifurahi kama ninayekwenda shule ni mimi. Niliomba maganda ya vitunguu kwa wanawake wa sokoni, nikachemsha mayai humo mpaka yakawa mekundu. Nikaponda viazi vitamu, nikavitengeneza mfano wa kiota ndani ya makopo ya Blue Band, kopo la Awino na kopo la Cephas. Yai katikati, mboga pembeni ziwe majani, njugu juu. Nilikuwa nacheka peke yangu jikoni.

Nikashuka ziwani kuchota maji. Niliporudi watoto wameshaondoka.

Mchana Awino alifungua kopo lake mbele ya wenzake akakuta kiota hakina yai. Mdogo wake alikuwa na mayai mawili. Mama yenu alifungua makopo nyuma yangu akalihamisha, kwa kuwa msichana hali yai wala kuku. Wenzake wakamcheka, mwalimu akamuuliza yai lake liko wapi, naye akasema amelila njiani. Mtoto wa miaka minane alisema uongo ili kumficha bibi yake.

Simlaumu Cephas, alipewa akala. Na mila naijua, hata kwetu Kehancha bibi zetu hawakula kuku. Lakini mama yangu aliacha mambo hayo alipobatizwa, na mama yenu alibatizwa kabla yake! Nilipomuuliza hakukasirika hata kidogo. Alinijibu, "Phelesia hakula yai hata siku moja, na leo si ni sista wa hospitali? Huyu mtoto wako anataka nini zaidi?"

Wifi, nilikaa kwako Nakuru nilipotibiwa macho. Nani alikuwa anakaanga mayai kila asubuhi, tena na nyanya, akiniambia nile haraka yasipoe? Lakini Krismasi ulikuja hapa, ukasukuma sahani mbele ya mama yako, ukasema hata harufu huiwezi. Mimi nilidhani ni mchezo, nikakutunzia siri. Sasa siri yako inamnyima mwanangu.

Kaka yako usimtegemee. Tangu Desemba baiskeli yake ina bendera mbele na mdomo wake umejaa Uhuru, lakini nilipomweleza alisema nisivunje nyumba kwa sababu ya yai. Uhuru wake unaishia mlangoni pa jiko.

Jumapili ya Pasaka nilichemsha yai jingine, nikampa Awino mkononi, mama yenu akiwa amekaa palepale. Aliniangalia, akainuka, akaenda nyumbani kwake. Nikajua nimeshinda. Awino akalimenya taratibu, akatia chumvi, akampa Cephas.

Nikamuuliza kwa nini. Akasema shangazi Phelesia hali mayai, na yeye anataka kuwa sista kama shangazi.

Nilitaka kukuomba umwandikie mama yako ukweli. Sikuombi tena, mwogope upendavyo. Mwandikie Awino. Anajua kusoma, andika kwa herufi kubwa, umwambie unakula nini asubuhi kabla ya kwenda wodini. Nimekasirika nawe, wifi, sitaki kukuficha. Ukishindwa na hilo, basi kitambaa cha gauni ulichomwahidi usimletee, kwa sababu atakivaa akijivunia mtu asiyekuwepo.

Wasalimie shemeji Otieno na jirani yako Orpah aliyenipaka dawa ya macho. Mama yenu anakusalimu sana, anakutaja kila siku, sasa unajua kwa sababu gani. Awino naye anakusalimu. Nimemwambia nakuandikia, akaomba nikuulize kama kuna kitu kingine ambacho masista hawali, ili aache mapema.

Mungu akulinde, akupe na ujasiri.

Wifi yako akupendaye, mwezi huu kwa shida,
Truphena