Jina ya Mutoto wa Kambale

Bunia, siku ya Mungu, mangaribi

Lakini kwa nini Ostara? Denise, muke wa mutoto wangu Kambale, amebakiza mwezi moja azae binti, na leo kisha misa ananionyesha hiyo jina mu telefone. Eti ni mungu mwanamuke, wapagani wa Bulaya walikuwa wanamuabudu wakati maua inafunguka. Siye hapa tuko na mvua na jua tu.

Jina ya Masika, hiyo mutoto atapata, kila binti wa kwanza kwetu anaitwa vile. Lakini jina ya ubatizo, mu familia yetu, inatoka kwa koko, mama ya baba yake. Ni mimi. Denise anajua muzuri.

Nilimuambia wazi: "Mu nyumba yangu hatuite mutoto jina ya mashetani."

Hakukasirika. Hiyo ndiyo inanisumbua. Alisukuma kidole tu, akanionyesha jina ingine chini.

"Mama, na huyu pia ni wa wapagani. Mungu mwanamuke wa maua. Flora."

Flora! Padri mwenyewe alinibatiza nayo.

"Basi tuache yote mbili?" akauliza, polepole, na heshima yote.

Sasa nashuku hiyo Ostara hakuitaka hata siku moja.