Kigoda Nyuma ya Kabati la Mashuka

Dada Atupele,

Ugonile. Najua hutanijibu, lakini ndiwe uliyenifundisha kumsalimu mgonjwa hata kama hajitambui, basi nimezoea.

Tangu tukuzike kule Tukuyu, wodi ya akina mama hapa Mbeya imebaki na manesi wawili, mimi na Neema. Tabita aliacha kazi mwanzo wa mvua, Roza akamfuata. Watu wanasema ni mshahara. Sista wetu, msimamizi wa wodi, anasema ni kutaka kuolewa. Unanijua, jambo nisipolielewa halinitoki kichwani. Basi nilipokuwa nakwenda Iringa nikateremka Chimala kumtafuta Tabita. Nilimkuta sokoni anauza mchele. Hajaolewa, na mchele wenyewe haumlipi. Nikamuuliza kulikoni. Akacheka, akanyoosha miguu yake juu ya gunia.

"Hapa nakaa, Sekela," akasema. "Nikichoka nakaa."

Ndipo nikakumbuka kigoda chako. Amri ya Sista ni ile ile: nesi wa zamu haketi, mgonjwa asije akadhani amesahauliwa. Mbele yake ulitii. Ila nyuma ya kabati la mashuka ulikificha kigoda ulichopewa na mama wa yule mtoto aliyeungua, ukawa unatuketisha mmoja mmoja, kikombe cha uji mkononi, wewe mlangoni unasikiliza viatu vya Sista. "Haya, mwingine," ulikuwa ukisema. Ulipofariki, Sista alikikuta akakipeleka stoo, na sisi tukanyamaza.

Hivi wewe uliketi lini? Najaribu kukumbuka, sikumbuki hata mara moja. Na miguu yako ilivyokuwa imevimba! Inaniuma, dada, kwamba sikuuliza.

Nimepata nafasi kwenye zahanati ya shamba la chai, karibu na Nyololo. Sikufichi, nilikwishafunga sanduku. Lakini jana nilikitoa kigoda stoo, nikakiweka katikati ya wodi, nikamketisha Neema. Sista akaingia, akasimama. Nikamwambia, "Sista, kikiondoka hiki, na mimi naondoka."

Aliuliza kilikuwa cha nani. Nikamwambia. Akakitazama kitambo, akaenda zake kupima homa kitanda cha kwanza. Leo asubuhi kilikuwa pale pale, na sanduku nimelifungua.

Pumzika, dada. Nakuahidi hakitarudi nyuma ya kabati maadamu nipo. Nikipata likizo nitakuja nacho Tukuyu. Siku hiyo utaketi wewe, na mimi nitasimama nisikilize viatu.

Mdogo wako,
Sekela